Waswahili Elfu Thelathini Waliopotea Kwenye Karatasi

Mwaka 1924 serikali ya himaya ya Kiingereza Zanzibar ilihesabu watu wake, na karibu watu elfu 34 waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 ikahesabu tena. Safari hii Waswahili walikuwa elfu 2 na ushee tu. Katika visiwa ambavyo wakazi wake wote hawakufika laki mbili na nusu, zaidi ya watu elfu 30 walikuwa wametoweka ndani ya miaka saba.

Tauni ya kuua watu kiasi hicho haikupita. Wala hakuna aliyeona majahazi yakipakia Waswahili kwa maelfu kuwarudisha Mrima, pwani ya Bara. Watu wenyewe walikuwepo, katika nyumba zao zile zile za udongo na makuti kule Ng'ambo, na chini ya mikarafuu ile ile, wakisema Kiswahili kile kile. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani alipouliza: wewe ni kabila gani?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu watu wa pwani tuna mazoea ya kuona kwamba ubaguzi wa kuzaliwa nao ni mambo ya wengine. Tabaka ni India. Rangi ni Marekani na makaburu. Sisi, tunasema, tumechanganyika: bibi Mngazija, babu Mshihiri, mama Mpemba, baba mtu wa Makunduchi, sasa tutabaguana wapi? Sensa mbili za Zanzibar zinaonyesha wapi. Tulibaguana ndani ya mchanganyiko huo huo, tena kwa kipimo ambacho hakikuandikwa popote na kila mtu alikijua.

Kabla ya karani kuja

Zanzibar ya Seyyid Said na wanawe ilikuwa na juu na chini, na mtu hakuhitaji kuuliza aone. Mwanamke mtumwa alivaa kaniki, kitambaa kizito cheusi au cha nili, na mbele ya bwana wake hakufunika kichwa. Mwanamume mtumwa alikwenda miguu mitupu na kofia haikuwa haki yake. Kanzu, kofia, viatu, ukaya, mwavuli: kila kimoja kilikuwa tangazo. Ukimwona mtu anakuja kwa mbali ulishajua umpishe au akupishe.

Hata miongoni mwa watumwa wenyewe kulikuwa na vidato. Suria alikuwa juu ya kijakazi wa jikoni. Mzalia, yaani aliyezaliwa hapa hapa akakua na lugha na dini, hakukubali kutiwa sahani moja na mjinga. Na mjinga siku hizo hakuwa mtu asiye na akili. Alikuwa mtumwa mgeni, ameteremshwa juzi, hajui kusema wala kusali. Leo mwalimu anamwita mtoto mjinga na hakuna anayesikia minyororo ndani ya neno. Kibarua nacho ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtumwa aliyekodishwa kazi ya siku, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana. Tunaposema fulani amepata kibarua bandarini tunalitumia neno lile lile, sasa kwa furaha.

Katika ngazi hiyo neno Mswahili lilikaa pahala pa ajabu kidogo. Aliyezaliwa huru, mtu wa Tumbatu au wa Makunduchi au wa Pemba, hakuwa na haja nalo sana. Alijitaja kwa mji wake au kwa ukoo wake. Aliyelihitaji ni yule aliyeletwa. Wengi wa watumwa wa karne ya 19 walipitia Kilwa wakitoka pande za Ziwa Nyasa, kwa hiyo kusema "mimi Mnyasa" au "mimi Myao" mjini Zanzibar kulikuwa ni sawa na kutaja msafara uliokuleta. Kusema "mimi Mswahili" kulikuwa ni kutangaza kwamba safari imekwisha: nimekuwa mtu wa hapa, Mwislamu, mwenye lugha, nisihesabiwe tena na washenzi wa bara.

Kwa hiyo kwa mtu wa chini neno hili lilikuwa kidato cha kupandia. Tukumbuke hivyo, maana ndiyo sababu ya kuchafuka kwake.

Uhuru wa 1897 na swali la mtu wa nani

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Seyyid Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe uliendelea. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na amri hiyo ukiisoma vizuri utaona ilivyoandikwa na watu waliokuwa na wasiwasi zaidi juu ya karafuu kuliko juu ya watumwa. Mtumwa hakuachwa huru kwa amri ile. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani akaombe. Fidia ilikuwa ya bwana. Aliyepewa uhuru ilimpasa athibitishe kwamba ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje kwa hoja kwamba ni kama wake wa nyumba, na mlango wao haukufunguliwa hadi amri ya 1909.

Haishangazi kwamba wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Wengine waliondoka kimya kimya. Wengine walibaki shambani kwa mapatano mapya: nipalilie mikarafuu yako, unipe kipande nipande muhogo. Hapa kuna kifungu kidogo ambacho kwangu kinaeleza zaidi kuliko amri yote. Aliyekaa shamba la mtu aliruhusiwa kupanda mazao ya msimu, muhogo, viazi, kunde, lakini hakuruhusiwa kupanda mti. Unguja na Pemba mti ni umiliki. Ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mnazi ukawa wa mwingine, na mwenye mnazi ana neno pale hata wajukuu wake. Kumwambia mtu apande muhogo asipande mnazi ni kumwambia: kaa, kula, lakini watoto wako wasije wakasema pahala hapa ni pao.

Na kulikuwa na swali moja lililomfuata aliyeachwa huru kila alikokwenda: wewe mtu wa nani? Kiswahili chetu hapa ni kijanja. "Mtu wa nani" ni kuuliza ukoo, na ni kuuliza mwenye kukumiliki. Mngwana akijibu alitaja baba na babu. Aliyekuwa mtumwa hakuwa na wa kumtaja isipokuwa bwana. Jambo hili halikuwa la maneno matupu. Kwa fikihi, aliyeacha huru mtumwa ana uhusiano wa walaa naye: mtu huyo akifa bila warithi wa damu, mwachaji huru au jamaa zake wanaweza kurithi, na mwanamke asiye na walii wa nasaba, bwana wake wa zamani anaweza kusimama pahala pa baba katika ndoa. Kwa hiyo mwanamke aliyejinunulia kijibanda na bangili zake kwa jasho lake angeweza kuondoka duniani na mali yake ikarudi katika nyumba aliyoikimbia.

Fikiria sasa umuhimu wa kuwa na ukoo. Kupata ukoo, hata wa kuokoteza, kulikuwa ni kufunga mlango huo.

Wengi walivuka wakaenda Ng'ambo. Jina linajieleza: ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe, na daraja lililounganisha pande hizo ndilo limeacha jina la Darajani hata baada ya maji kufukiwa. Walijenga nyumba zao juu ya viwanja vya watu na kulipa kodi ya kiwanja, kodi iliyokuja kupandishwa hadi wakagoma mwaka 1928. Huko wakavaa kanga pahala pa kaniki, wakavaa viatu, wakajifunika buibui kama mabibi, wakawatia watoto chuoni. Na walipoulizwa kabila wakajibu Mswahili. Elfu 34 wa mwaka 1924, kwa sehemu kubwa, ni hao.

Kwa nini neno lilikimbiwa

Hapa ndipo kiini cha kisa. Waliokuwa watumwa walilichukua neno Mswahili kwa sababu lilikuwa na heshima kidogo. Lakini mara wote wakaona ni nani waliolichukua. Ilipofika miaka ya 1920 neno lenyewe lilikuwa limeshika harufu: Mswahili ni yule ambaye hawezi kusema ametoka kijiji gani. Aliyekuwa huru tangu babu zake akaliacha haraka. Na waliolikimbilia, wakiona hivyo, nao wakaliacha na kupanda kidato kinachofuata. Hesabu ya Wahadimu na Watumbatu, wenyeji wa kale wa Unguja na Tumbatu, ikavimba. Hesabu ya Waarabu nayo ilipanda kutoka kama elfu 19 hadi kama elfu 33 ndani ya miaka ile ile saba, na ingawa wageni kutoka Oman na Hadhramaut walikuwa wakiingia na kila msimu wa kaskazi, uzazi na uhamiaji peke yake haviwezi kubeba ongezeko hilo.

Tazama kejeli ya historia. Kati ya majina yaliyokimbiliwa mno ni Mhadimu, na Mhadimu, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, linatokana na neno la Kiarabu la mtumishi, hadimu. Watu walioukimbia utumwa walikimbilia jina lenye maana ya mtumishi. Wala hawakukosea. Mhadimu wa Makunduchi alikuwa na kiambo chake, uwanda wa kulima, makaburi ya wazee, na kumbukumbu ya Mwinyi Mkuu wa Dunga aliyetawala kabla ya yeyote kutoka Oman kupanda mkarafuu hapa. Kwa maneno mengine, alikuwa na jibu la swali la mtu wa nani.

Msomaji makini atauliza: je, si kosa la makarani tu? Ni hoja ya haki. Sensa za siku zile zilikuwa hafifu, na hakuna sababu ya kuamini kwamba swali liliulizwa kwa namna moja mara zote mbili. Utawala wa mashamba ulipita kwa mudiri, ofisa wa serikali, na masheha, wakuu wa vijiji, na huenda sheha fulani aliandika alivyoona mwenyewe. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inanipa nguvu. Sheha anakujua. Anajua nyumba aliyotoka mama yako. Ikiwa mtu aliyeitwa Mswahili mwaka 1924 aliweza mwaka 1931 kusema mbele ya sheha kwamba yeye ni Mhadimu, na sheha akaandika, basi kuna mapatano yamefanyika kati ya watu wawili. Wamekubaliana kusahau jambo fulani. Miundo ya namna hii huwa haionekani kwa sababu hiyo: anayeificha ni aliye chini, kwa maana kufichua kunamwumiza yeye kwanza.

Mfano wa mtu mmoja unatosha kuonyesha jinsi hesabu ile kubwa ilivyofanyika moyoni. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kama mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na jina alilopewa ni Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuuza. Alipofika mjini na sauti yake ikamtoa, akapewa jina la Siti, bibi mtukufu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa Afrika Mashariki nzima. Na katikati ya sifa zote hizo alitungiwa nyimbo za kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini na kumwuliza tangu lini yeye amekuwa mtu. Sikiliza swali lenyewe. Hakuulizwa kuhusu sauti, hakuulizwa kuhusu fedha. Aliulizwa kuhusu utu, na tarehe ya kuanza kwake. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni sensa ya 1924 na ya 1931 ndani ya mwanamke mmoja, na pale pale kuna aliyesimama mlangoni kukagua.

Sultani mwana wa suria

Mtu anaweza kusema kwamba kilichopimwa ni rangi, au damu ya Kiafrika. Sidhani, na ushahidi wangu uko kwenye kasri.

Watoto wote wa Seyyid Said waliobaki baada yake, zaidi ya thelathini, walizaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Mama yake Salme, binti aliyekimbilia Ujerumani, alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa akiwa mtoto. Kwa maana hiyo masultani wa Zanzibar walikuwa wana wa wanawake walionunuliwa, na hakuna aliyethubutu kumwuliza Barghash amekuwa mtu lini. Mtoto wa suria alimfuata baba yake, na baba akiwa bwana, mtoto ni bwana, awe mweupe au mweusi wa kahawa. Mtoto wa kijakazi yule yule aliyezaa na mtwana wa shambani alikuwa mzalia.

Kwa hiyo damu iliingia katika nyumba kubwa kila siku, kupitia upande wa mama, na haikubadilisha kitu. Upande wa baba ndio uliofungwa kwa komeo. Mwarabu aliweza kuoa au kuchukua mwanamke wa chini; binti wa Kiarabu hakuweza kuolewa na mtu wa chini. Komeo hilo lina jina la kisheria, kufu, yaani kulingana hadhi kwa wanaooana. Madhehebu ya Shafi inaizungumzia ndoa ya kufu kwa vipengele kadhaa, dini, uhuru, kazi, nasaba, na lengo linalotajwa ni kumlinda binti na jamaa zake wasipate aibu. Kwa vitendo pwani yetu vipengele vile havikupewa uzito sawa. Mchamungu wa asili ya utumwa alikuwa mchamungu, binti hakupewa.

Hapa ndipo tunapopata kufanana na tabaka za India kuliko na ubaguzi wa Marekani. Kusini mwa Marekani tone moja la damu nyeusi, kutoka upande wowote, lilimtosha mtu kuitwa mweusi. Zanzibar tone la kutoka kwa mama lilisamehewa kabisa, mradi baba alikuwa na jina. Walinzi wa ngazi hawakuwa wakilinda rangi. Walikuwa wakilinda ni nani anayeweza kuoa wapi. Rangi ilikuja kuegemezwa baadaye, na aliyeiegemeza zaidi ni karani mwenye fomu.

Lugha yenyewe iliinama ielekee huko. Zamani sifa ya mtu mwenye adabu na mji ilikuwa uungwana, neno la pwani yenyewe. Katika karne ya masultani wa Oman neno ustaarabu likaingia na kuketi juu yake: kuwa mtu wa heshima ni kustaarabu, kuwa kama Mwarabu. Sisi tunafundisha ustaarabu mashuleni hadi leo. Sisemi tulifute, tutafuta maneno mangapi?

Mchele

Hadi hapo ngazi ilikuwa ya ndoa, viambo na mavazi. Vita vya pili vya dunia viliipeleka jikoni.

Zanzibar ililima karafuu na kununua mchele, mwingi wake kutoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 njia hiyo ikakatika, na serikali ikagawa chakula kwa kadi. Kadi zilifuata kabila. Walioandikwa Waarabu na Wahindi walihesabiwa walaji wa mchele. Walioandikwa Waafrika walihesabiwa walaji wa unga wa mahindi na muhogo. Karani wa mgao pengine aliona anafuata desturi ya kila watu kula chakula chao. Lakini muulize mtu yeyote wa Unguja wali ni chakula cha nani, atakucheka. Wali ni chakula cha anayeweza kuupata. Mswahili wa Ng'ambo alikula wali siku ya harusi na siku ya Idi, na siku alipokuwa na hela, kama watu wengine wote.

Kuanzia hapo kuandikwa Mwafrika kulikuwa na uzito wa kupimwa kwa kibaba. Wapemba na Watumbatu, ambao wengi wao walishaanza kujiita Washirazi kwa kutaja wahenga wa Uajemi, walikuwa na sababu mpya ya kushikilia jina hilo. Chama cha Washirazi kilikuwa kimeanzishwa Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930. Wangazija nao walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe wenyeji. Mombasa, Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji ule, walikuwa na kesi yao inayofanana na serikali ya Kenya, kama wao ni wenyeji wa kulipa kodi za wenyeji au ni Waarabu wa kupiga kura na Waarabu. Kila mmoja katika hawa alikuwa na hoja nzuri ya nasaba, na kila mmoja alipoishinda hoja yake alimwacha mtu chini yake akiwa na mzigo mzito zaidi.

Ndiyo maana siwalaumu walioandikwa Washirazi kwa ajili ya kadi, na ndiyo maana pia siwezi kuwasifu. Baba mwenye watoto sita afanye nini? Ila kwa kupanda kwake alikubali kwamba kipo kidato cha kupandia, na kwamba aliyebaki chini amebaki pake.

Ngazi iliyogeuzwa

Yaliyofuata yanajulikana zaidi kwa hiyo nitayapita haraka. Siasa za miaka ya 1950 zilijengwa juu ya visanduku vile vile vya sensa. Afro-Shirazi ya mwaka 1957 ilikuwa, kwa jina lake lenyewe, gundi kati ya Chama cha Waafrika na Washirazi, na gundi ile Pemba haikushika. Mwaka 1959 Washirazi wengi wakajitenga, wakawa na chama chao wenyewe. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao waliohesabiwa Waarabu, na baadhi yao bila shaka ni wajukuu wa wale ambao miaka ya 1920 walipanda hadi kidato cha Uarabu kwa mapatano na sheha. Karatasi iliyowapa babu zao heshima ikawapa wajukuu hukumu.

Serikali ya mapinduzi iligawa ardhi, ekari tatu tatu, na kwa aliyekatazwa kupanda mti hilo halikuwa jambo dogo. Kwenye ndoa ilitaka kuvunja lile komeo la kufu. Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Uajemi walilazimishwa kuolewa na watu wakubwa wa serikali ambao hawakuwataka, jamaa zao waliopinga wakatiwa ndani, na Karume akatetea hadharani kwa kukumbusha kwamba zamani Waarabu walichukua wanawake wa Kiafrika wakawafanya masuria bila hata kuwaoa.

Ukweli aliousema ni ukweli. Na bado, ukikitazama kitendo chenyewe, kipimo hakikuvunjwa. Mwili wa binti ulikuwa ndio ushahidi wa nani yuko juu wakati wa Seyyid Said, na ukabaki kuwa ndio ushahidi mwaka 1970. Waliobadilishana ni wanaume.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo karani hakuulizi. Naona ilikuwa busara, na sitaki swali lirudi. Lakini kutouliza kumetuachia sensa nyingine isiyo na karani. Binti anapoletewa posa, wazee wanauliza asili ya kijana, na wanauliza kwa sauti ya chini, na wanaojibu wanajua ni nini kinachoulizwa. Huko Bara neno limekwenda mbali zaidi na asili yake: Uswahilini ni mtaa wa watu hohehahe, na "acha uswahili" ni kumwambia mtu aache uongo na ujanja. Lugha imepewa mimbari ya Umoja wa Afrika na siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai. Mwenye jina la lugha hiyo amebaki na tusi. Ajabu ni kwamba wanaolitoa tusi hilo hulitoa kwa Kiswahili fasaha, na huenda hawajui jinsi jina hilo lilivyowahi kukimbiwa kwenye foleni ya sensa ya visiwani.

Kenya bado wanauliza kabila. Huko kisanduku hakigawi mchele, lakini kijana wa pwani anayekwenda kutafuta kitambulisho anajua uzito wa kuulizwa kabila na kuambiwa kwamba Mswahili si kabila. Sensa ya mwaka 2009 iliandika Waswahili 110,614. Ile ya mwaka 2019 iliandika 56,074. Kabila, katika nchi ambayo wakazi wake waliongezeka kwa mamilioni katika muongo huo, limepungua nusu. Magazeti yaliandika sana juu ya hesabu za Wakikuyu, Waluhya na Wakalenjin. Hao elfu 54 wa pwani walikokwenda, sijakutana na aliyeuliza.